Vidudu vya Madam

Madam hakuwa mtu wa kusalimia kabla hajakagua sakafu yangu. Alikuwa akisimama mlangoni mwa duka langu la ushonaji hapa Kitale, mkoba begani, miwani imeteremka puani, na macho yake yanapita chini ya meza, chini ya cherehani, mpaka kwenye kona ninakofagilia vipande. Akiona kinachong'aa, anainama. Uzi wa dhahabu uliobaki kwenye sare za kwaya, utepe wa fedha, kile kitambaa chepesi cha bi harusi kinachobadilika rangi ukikigeuza, vyote alivipuliza vumbi akavitia kwenye mkebe wa peremende aliokuja nao. Ndipo anainuka na kuniuliza, "Fundi, hujambo? Watoto je?"

Nilimwita Madam kwa sababu mji mzima ulimwita hivyo. Alitufundisha sisi wasichana sayansi kimu, na mshono wangu wa kwanza maishani aliushika kwa vidole viwili, akautazama kama panya aliyekufa, akasema neno moja: "Fumua." Nikafumua. Nikashona tena, akasema fumua. Hata leo mshono ukienda upande, sauti ninayoisikia kichwani si yangu. Ninakula kwa kazi aliyonifunza yeye, na ningemwambia hivyo angenikemea, maana hakuwa na subira na mtu anayetoa shukrani huku kazi imelala mezani.

Alipostaafu, wenzake walifuga ng'ombe wa maziwa, wengine wakaingilia siasa za kanisa. Madam alivua samaki. Alivua trauti, samaki wa maji baridi ambao wazungu walipanda zamani kwenye mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Yeye alishikilia kwamba trauti ana heshima zake, hababaishwi na donge la ugali wala mnyoo wa kwenye kopo. Anachokipenda ni wadudu wachanga wanaoishi chini ya mawe mtoni kabla hawajaota mabawa. Kwa hiyo Madam aliwatengeneza hao wadudu kwa mikono yake, kwa uzi na manyoya na shanga, juu ya ndoana ndogo ambayo mimi nisingeiona bila miwani. Aliwaita vidudu. Na vidudu vyake viling'aa, ndiyo sababu ya kuja kuchokora sakafu yangu.

Nani alimfunza? Mwaka huu alikuambia ni padri mmoja mzee aliyekuwa na ufito wa kuvulia na hakuwa na mtu wa kumbebea mkoba. Mwaka ujao ukimuuliza, alikuwa ni marehemu mume wake. Mimi nilimkumbusha siku moja kwamba hadithi mbili hazilingani. Akaniambia, "Kwani wewe ulifunzwa kushona na mtu mmoja?" Nikasema ndiyo, na wewe. Akaanza kuzungumza habari za bei ya mbolea.

Jambo lililokuwa likinichekesha zaidi ni kwamba Madam hakula samaki. Mwanamke aliyetuchorea ubaoni faida za samaki kwa mtoto anayekua, na kutupiga fimbo za mkononi tukisahau hata moja, hakuweza kuvumilia harufu yake jikoni. Alimtoa matumbo mtoni, akamfunga kwenye majani ya mgomba, akaniletea mimi. Na kwangu mamangu, aliyekuja huku na wazee wake kutoka Nyeri, alikuwa wa kizazi kile kinachomhesabu samaki kama nyoka aliyekosa adabu. Alitoka nje kabisa na kiti chake mpaka tumalize. Basi samaki wa Madam waliliwa na mimi na watoto wangu watatu, na walikuwa watamu ajabu, nyama yao nyekundu kidogo, mifupa midogo ya kutoka kwa urahisi. Ninasema haya kwa sababu sasa hakuna mtoto mwingine mtaani kwetu anayeweza kuyasema.

Alifunga vidudu kwenye meza ya dirishani mwangu, kwa sababu ya mwanga, na pia, nadhani, kwa sababu nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kugombeza. Alikuja na jiriwa yake ndogo, kile chuma cha kubana, akaikaza ukingoni mwa meza, akaibanisha ndoana ndani yake. Kwanza ushanga wa shaba, wa kukizamisha kidudu. Kisha waya mwembamba aliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Kisha mwili: nyuzi zangu, au sufu ya sweta, au kipande cha pakiti ya krisps alichokata wembamba wa unywele. Mwisho unyoya wa shingo ya jogoo, mizunguko miwili, fundo, mate kidogo kwenye kidole. Mikono ile iliyokuwa ikituogopesha darasani ilikuwa laini hapo kuliko nilivyowahi kuiona.

Lakini kidudu hakikuwa kidudu mpaka kipite mtihani. Madam alikuwa na desturi ya kurudi na maji ya mtoni ndani ya chupa, maji ya siku hiyohiyo, na kuyamimina kwenye glasi aliyoiacha dirishani kwangu. Alikishusha kidudu ndani kwa uzi, akaigeuza glasi upande wangu, akaniuliza, "Kinaonekana?"

Ilibidi nijibu kweli. Siku moja nilimwambia kinaonekana ili tu nirudi kwenye kazi yangu, akanitazama juu ya miwani mpaka nikasema, "Kidogo, Madam." Akachukua wembe. "Sasa unaongea."

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama amri ya kanisani. Maji yakiwa safi, kidudu kiwe kinyonge, rangi ya jani lililooza, kwa sababu maji safi hayataki makelele. Maji yakichafuka, ongeza mng'aro. Samaki ni kama mwanafunzi wa kiti cha nyuma, alisema, asipoona ubao mwandikie kwa chaki nene.

Na alikuwa na mwiko mmoja. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuja kupimwa sare, aliona vidudu vimepangwa kwenye kipande cha godoro, akapiga makofi.

"Woi, Madam! Hizi ni za masikio ya nani? Si unifungie mbili za Pasaka!"

Madam hakuinua uso. "Mimi sifungi herini."

"Mbili tu, bana. Za kijani. Nikipiga alto watu waangalie mimi."

"Nimesema sifungi herini. Hii ni ya majini. Kitu isiyoguza maji siifungi." Kisha, kwa sauti ile ya darasani, "Na simama wima, Fundi anakupima."

Yule mama alisimama wima. Nikampima nikiwa nimeuma mdomo nisicheke, na alipotoka, Madam alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeombwa auze kitanda cha mama yake.

Isidhaniwe alikuwa mtakatifu. Nguo ya bi harusi wa Moi's Bridge niliitundika ukutani ikiwa imekamilika, na asubuhi ya kuchukuliwa nikakuta pindo la nyuma limepungua utepe wa fedha, urefu wa kiganja. Sikuuliza. Nilishona upya jasho likinitoka. Jumamosi ile Madam alikuwa kanisani, ameketi safu ya pili, amevaa kofia, akiimba kuliko wote, na bi harusi alipopita, Madam alilitazama pindo lile kwa makini kisha akanigeukia na kuitikia kwa kichwa, yaani mshono ni mzuri. Nilitaka kumrukia hapo hapo.

Mtoni nilikwenda naye mara chache, siku za Jumatatu ambazo kazi hulala. Mara ya kwanza maji yalikuwa safi hata ukaona mawe ya chini kwa rangi zake, na yalikuwa baridi ya kuumiza vifundo vya miguu. Alinionyesha samaki na sikumwona. Akanionyesha tena. "Usitafute samaki. Tafuta kivuli chake." Nikakiona kivuli juu ya mchanga, kisha juu yake kikajitokeza kiumbe chenye madoa, kimesimama papo hapo ndani ya maji yanayokimbia, mkia tu unacheza. Akarusha kidudu kinyonge cha rangi ya udongo. Sijui niseme nini zaidi. Nilifurahi kama mtoto, na ninapokumbuka furaha ile sasa inaniuma.

Hakuna mtu mmoja wa kumlaumu, na hilo lilimtesa Madam kuliko kama angekuwepo. Juu mlimani miti ilipungua. Mashamba ya viazi na kabeji yaliteremka mwaka hadi mwaka mpaka mtu akawa anapanda mstari wa mwisho miguu ikiwa majini. Mvua ikinyesha, udongo wote unaingia mtoni. Jua likiwaka, pampu zinakohoa ukingoni zikinyonya kilichobaki. Kabeji hizo nilizila mimi pia. Ziliuzwa nyuma ya duka langu.

Tulimkuta kijana mmoja akisuuza mtungi wa kupulizia dawa kwenye lile lindi la maji nilipoonyeshwa kivuli. Madam alimwamkia vizuri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kijana wangu, hiyo dawa inaua samaki."

"Samaki?" Alikuwa mtoto mzuri, mwenye heshima, akaweka mtungi chini. "Samaki gani, Madam? Huku kulikuwanga na samaki?"

"Wako. Umesimama juu yao."

Akatazama miguu yake, akatazama maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa, kisha akanitazama mimi, kwa huruma, kana kwamba nimemleta mgonjwa. "Sawa, Madam. Nitaoshea huko juu kidogo."

Alikwenda kwenye baraza la chifu. Alizungumza, nikamsikia, na hakuwahi kuzungumza vizuri vile. Walimpigia makofi. Wengi wao aliwafundisha yeye. Mmoja alisimama akasema Madam ameongea ukweli mtupu, tena tuombe. Tukaomba. Wiki iliyofuata pampu zilikuwa palepale, na aliyesema tuombe alikuwa ameongeza ya pili. Nilipomuuliza Madam atafanya nini, alisema mshono unaweza kuufumua, mto huwezi. Kisha akainama kuokota uzi.

Tangu hapo ndipo vidudu vilipoanza kung'aa kupita kiasi. Alikuwa akirudi mikono mitupu, anamimina maji yake kwenye glasi, anashusha kidudu, "Kinaonekana?" Mimi nasema, "Hapana, Madam." Na ilikuwa kweli, maji yalikuwa matope. Basi anakitoa, anachukua wembe, anakifumua chote mpaka ndoana ibaki uchi, na kuanza upya na mng'aro zaidi. Aliongeza nyuzi za mapambo ya Krismasi. Akaongeza vile vibati vinavyoshonwa kwenye magauni ya sherehe. Akaja na rangi ya kucha, ya waridi, akapaka kichwa. Kila safari ya bure aliihesabu kuwa kosa la kidudu. Hakusema hata siku moja kwamba labda samaki hawako. Alisema, "Hawajakiona." Vidudu vizuri, ambavyo mvuvi mwingine angevitunza kwenye kasha, nilivifagia asubuhi vikiwa nyuzi tena.

Mimi nilijua. Watoto wangu walijua. Mamangu, aliyewachukia samaki maisha yake yote, alianza kuuliza pole pole, "Na yule mwalimu, bado hajapata?" Lakini nani angemwambia? Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kazi ikikataa, mwenye kazi ndiye amekosea, na sisi sote alitulea kwa imani hiyo.

Kidudu cha mwisho nilichokiona kikienda majini kilikuwa kama harusi nzima imekaa juu ya ndoana. Dhahabu, fedha, kijani cha tausi, ushanga mwekundu, mkia wa nyuzi za plastiki zinazowaka hata kivulini. Kwenye glasi kilionekana. Nikasema kinaonekana, Madam, na sikudanganya. Akatabasamu. Jumatatu tukashuka wote wawili.

Alirusha kutwa. Mguu ulikuwa umeanza kumsumbua, kwa hiyo nilimshika kiuno kwa kanga, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea. Jua lilikuwa limeshageuka pale mshipi wa kuvulia uliposimama. Ulisimama kweli, ukakaza, ufito ukapinda, na Madam akapiga kelele.

"Fundi! Fundi, ameshika!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Nilimshika kwa nguvu. Alivuta, akalegeza, akavuta kwa ustadi, akiongea na samaki, akimwambia taratibu, taratibu, mzazi wangu. Kilichotoka kilikuwa gunia la mbolea, limejaa udongo.

Alikichomoa kidudu, akalikamua lile gunia, akalikunja mara nne kama alivyotufundisha kukunja shuka, akalitia mkobani, kwa sababu hakuwahi kuacha kitu kinachoweza kufuliwa. Tulipofika barabarani akasema, "Hakijang'aa vya kutosha." Nikageuza uso upande wa mashamba, maana nilikuwa ninalia.

Msimu ule wa mvua alianguka uani kwake akavunjika nyonga. Binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Kabuchai, upande wa Bungoma, kwenye miwa na mahindi, ambako mito ni ya joto na hakuna aliyewahi kusikia jina la trauti. Glasi ilibaki dirishani kwangu. Sikuiosha mara moja. Udongo ulikauka chini yake ukapasuka.

Nilimtembelea baada ya mavuno. Nilimbebea vipande vyangu vya mwaka mzima ndani ya mfuko, kwa sababu sikujua mtu kama yule anapelekewa nini kingine. Langoni nilipokewa na jirani, mama mnene mchangamfu, ametoka kumsaidia Madam kuketi nje.

"Kalibu, mama, kalibu! Wewe ndio yule fundi wa Kitale? Madam ako nyuma anaota jua. Pita hapo kwa kuku."

Masikioni mwa mama yule vilikuwa vikining'inia vidudu viwili. Niliujua ule uzi wa dhahabu. Ulikuwa wa sare za kwaya, niliushona mimi.

Madam alikuwa kwenye kiti cha plastiki, shali magotini, jiriwa imekazwa kwenye ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti. Amekonda. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinitazama miguuni kwanza, kwa mazoea, akiangalia kama sakafu ile ina chochote, kisha akasema, "Fundi, hujambo? Watoto?"

"Hawajambo, Madam. Nimekuletea vipande."

Akavipapasa ndani ya mfuko, akavipanga mapajani kwa kugusa tu. Nikaketi kwenye jiwe. Nilimwona akimaliza kidudu: mizunguko miwili, fundo, mate kidoleni. Bado kilikuwa kizuri. Kisha akachukua koleo ndogo, akashika ncha ya ndoana, akaikata. *Tak.* Ncha ikarukia kwenye vumbi, kuku akaja kuichungulia.

"Madam! Unafanya nini?"

"Zinadunga masikio." Akaweka hicho kando, akavuta kingine. "Hawa mama wa kanisa wanazipenda. Hata wa kule Naitiri wametuma mtu."

"Ulisema hufungi herini."

"Nilisema." Aliendelea kuzungusha uzi. Halafu akasimamisha mkono. "Niliuliza yule mjukuu anaendesha piki huko Kitale akanipitie mtoni aangalie. Alienda. Alishinda huko mchana mzima, ni mtoto mwaminifu. Akaniambia, kuku, ndivyo wanaita nyanya huku, maji ni ya magoti, na iko moto. Moto, Fundi. Trauti hakai maji ya moto."

Nilisema pole.

"Usinipe pole ya samaki. Unajua nini inaniuma?" Akaikaza jiriwa iliyokuwa tayari imekaza. "Sikuwa nafunga vibaya. Vile vyote nilifumua, vilikuwa vizuri. Vilikuwa vizuri kabisa. Ni vile hakukuwa na mtu wa kuviona."

Kuku alikuwa bado anaizunguka ile ncha. Nikamwomba anifungie kimoja, kimoja tu, asikikate ncha, nikiweke na mimi dukani.

"Ya kuvua nini?" akauliza, na aliuliza kweli, akingojea jibu, kama alivyokuwa akingojea darasani.

Kisha akanyoosha mkono. "Toa hizo umevaa. Inama."

Nikatoa herini zangu, nikainama mbele ya kiti chake. Vidole vyake vilikuwa baridi. Vilipapasa sikio la kushoto, vikatafuta tundu, vikapitisha ile ndoana iliyokatwa. Kisha la kulia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea jua, akasogeza macho yake yenye ukungu karibu kabisa na yangu.

"Zinaonekana?"

"Zinaonekana, Madam."

"Usinidanganye."

"Zinaonekana hata kutoka barabarani."

Akaitikia kwa kichwa, akanisukuma kando kidogo nisimkinge mwanga, akachukua koleo.